Viatu vya Kuingilia Pangoni

Mara ya kwanza nilirudishwa kwa sababu ya ndala. Nilikuwa nimeshakalia tyubu ya lori, miguu inaning'inia majini, nikimsubiri kiongozi atusukume, aliponitazama miguuni na kusema, "Mama, wewe teremka." Ndala yangu ya kushoto ilikuwa imeshatangulia pangoni peke yake. Wageni kutoka Mbeya walicheka. Nikasimama kando ya mwamba nikiwaangalia wakimezwa mmoja mmoja na lile tundu jeusi, kila mtu na tyubu yake, na sauti zao zikabadilika humo ndani kama za watu wanaosemea mtungini.

"Rudi na viatu," kiongozi aliniambia kabla hajawafuata. "Vinavyoshika mguu. Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho. Mvua zikianza hatuingii tena mpaka mwakani."

Nilizaliwa Ipyana. Tangu utotoni nilisikia habari za mto huo mdogo unaoshuka kutoka milima ya Livingstone, ukajificha chini ya mwamba na kutokea upande wa pili. Kaka zangu walipita humo wakielea juu ya vigogo vya migomba. Mimi niliambiwa wasichana hawaendi. Nikaolewa, nikaambiwa wake za watu hawaendi. Mume wangu alipofariki nikaambiwa wajane hawaendi. Nikaondoka kabisa. Nimeuza chai Makambako, nimebangua korosho Mtwara, nimewapikia mafundi wa barabara kule Kigoma. Huko kote nilikuwa nikiukumbuka mchele wa kwetu na harufu ya kakao iliyoanikwa uani, na nilipourudia huo mchele nikaanza kuzikumbuka barabara. Ndivyo nilivyo. Lakini kurudishwa mlangoni mwa pango la kwetu, tena kwa ajili ya ndala, nilikataa.

Wiki hiyo niliwaza habari za miguu kuliko wiki yoyote ya maisha yangu. Mama alinipa mabuti yake ya shambani. Sisi watu wa Kyela tukisikia maji tunawaza mabuti, kwa sababu maji tunayoyajua zaidi ni ya majaruba ya mpunga, yametulia na hayapiti goti. Nikayajaribu mtoni. Yalijaa, kila buti likawa ndoo, nikatoka ng'ambo kwa kutambaa. Raba za mtumba zilikunywa maji zikawa nzito, na soli zake ziliteleza kwenye mawe yenye utelezi wa kijani kana kwamba zimepakwa sabuni.

Zikabaki katambuga, viatu vya tairi. Tairi haliogopi jiwe. Maji yanatoka kama yalivyoingia, na mkanda wa nyuma unashika kisigino. Ila si katambuga zote. Nyingi hupigiliwa misumari, na msumari ukizoea maji unaoza, mkanda unachomoka ukiwa katikati ya mto. Nilimjua fundi mmoja tu asiyetumia msumari. Yeye hupasua matundu membamba pembeni mwa soli, akapitisha mikanda humo, na kadiri unavyoivuta ndivyo inavyozidi kubana. Alikuwa na kibanda soko la Lyulilo, karibu na wauza vyungu. Alikuwa baba mkwe wangu.

Asiyetoka kwetu inabidi nimweleze. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake wala hasemi naye. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Akiwa sebuleni, unazunguka nyuma ya nyumba. Wengi wa mjini wameshaacha, lakini ukoo ule haukuacha. Miaka kumi na miwili ya ndoa nilimjua yule mzee kwa kikohozi chake na kwa mgongo. Nilipoolewa alinitengenezea katambuga bila kuuona mguu wangu, kwa kipimo cha kamba ya mgomba alichopelekewa na mawifi. Zilikuwa kubwa. Nilizivaa hivyohivyo, nimeshindilia majani makavu kisiginoni, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumwambia.

Ijumaa nikapanda bodaboda hadi Lyulilo. Nikajifunika kanga kichwani, nikakaa kwa mwanamke mmoja muuza vyungu aliyenijua tangu zamani, mgongo wangu kwa fundi, hatua tatu tu kati yetu.

"Ndaga, dada," alinisalimu muuza vyungu. "Umepotea kweli! Na mbona unajibanza kwenye vyungu vyangu kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Nataka katambuga kwa huyo."

"Huyo? Si mkweo huyo?"

"Ni fundi. Mpelekee kipimo." Nikampa kamba ya mgomba niliyoikata sawa na unyayo wangu.

Akapeleka. Nikasikia kisu kikihangaika na tairi. Baada ya muda akaniletea pea nzima, nikavaa. Vidole viwili vilipita kati ya kisigino na mkanda.

"Mwambie zinapwaya."

"Anasema zinapwaya!" Muuza vyungu alipaza sauti kana kwamba mzee yuko Malawi.

"Nimesikia," mzee alijibu. "Mwambie mguu wa mkulima huvimba jioni. Nimemwachia nafasi."

"Mwambie siendi shambani. Kesho naingia majini, kwenye pango."

Kisu kikanyamaza.

"Mwambie," mzee akasema polepole, "mjane wa mwanangu hana kazi pangoni."

"Mzee anasema mjane wa..."

"Nimesikia!"

"Sasa kama wote mnasikia," muuza vyungu akafoka, "mniache niuze vyungu!"

Niliitazama ile nafasi kisiginoni. Kiatu kinachopwaya ni sawa na ndala. Mkondo ungekivua kabla sijafika gizani, na kiongozi angenishusha tena. Na kamba ya mgomba ingeweza kupelekwa mara kumi, isingesema mguu wangu ni mwembamba. Nikaishusha kanga mabegani, nikageuka, nikavuka zile hatua tatu, nikaweka mguu wa kulia juu ya kipande cha tairi mbele ya magoti yake.

"Shikamoo, Tata. Pima."

"Jamani!" mama mmoja wa ndizi alipiga kelele.

Mzee hakuinua kichwa. Niliiona mikono yake kwa mara ya kwanza, na kidole gumba kipana, kilekile cha marehemu. Chaki ilikuwa ndani ya kiganja chake.

"Marahaba," akasema. "Kanyaga. Usikunje vidole."

Chaki ikazunguka mguu wangu, baridi kisiginoni.

"Kumbe mwembamba," akasema, kama anayekigombeza kipimo. "Miaka yote hiyo." Kisha, "Maji yanafika wapi?"

"Magotini, wanasema, tukishuka kwenye tyubu kutembea."

"Basi mkanda upande juu kidogo."

Nilipokuwa naondoka na katambuga zilizobana, muuza vyungu alinivuta kanga. "Ukoo utakutoza kuku wewe."

"Waje wamkamate wenyewe," nikamwambia. "Kuku wangu wana mbio."

Kesho yake kiongozi alinitazama tena miguuni kabla hata ya salamu. "Mama, hivyo viko wazi."

"Vuta mkanda."

"Nini?"

"Shika hapo nyuma, uvute."

Aliinama akavuta, akavuta tena mpaka nikashikilia jiwe nisianguke. Kiatu hakikutoka.

"Na vidole je? Viko nje."

"Ni vyangu."

Akaisukuma tyubu yangu.

Ndani maji yalikuwa ya baridi na mwamba ulikuwa chini sana, tukapita vichwa tumevilaza nyuma. Katikati mto unapungua kina, inabidi kushuka na kubeba tyubu. Mgeni aliyenitangulia, mwenye raba nzuri za kufunga kamba, aliteleza akakaa chini. Mimi nilisimama. Hatua ya tano nikajigonga kidole kidogo kwenye jiwe, nikauma meno. Kiongozi hakuwa mwongo kabisa, lakini sikuona sababu ya kumpa habari hiyo. Damu maji yaliiosha.

Tukatokea kwenye mwanga. Wageni wakaanza kujikausha na kupigana picha. Mimi nikaitia tyubu begani na kushika njia ya juu, ile inayorudi mwanzo wa pango.

"Mama! Tumemaliza!" kiongozi aliita.

"Ninyi ndio mmemaliza."

Sikugeuka. Nilipofika kwenye lile tundu nikaikalia tyubu, na nyuma yangu nikamsikia akija mbiombio, akihema, akiiburuta ya kwake.