Bogenvilia ya Fundi Saa

Zamani mtu alipanda kitu karibu na geti akakisubiri miaka; siku hizi anamwaga zege hapohapo, anaegesha gari juu yake, na anayaita hayo maendeleo.

Jirani yangu Fundi Saa alikuwa mtu wa zamani. Alitengeneza saa za mkono mpaka watu walipoanza kutazama saa kwenye simu. Akafunga kibanda, akarudi nyumbani, na kwa kukosa cha kurekebisha akaigeukia bogenvilia ya mkewe. Mkewe aliipanda walipohamia, ikiwa kijiti cha unene wa kalamu. Ni mmea wa kijani mwaka mzima na hauna makuu: unataka jua kali, maji kidogo, na kuachwa. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda Fundi. Kila asubuhi alitoka na mkasi wa bustani, akafumba jicho moja kama aliyebana lenzi, akakata kila tawi lililothubutu kutoka nje ya mstari. Sasa, bogenvilia hutoa maua kwenye matawi machanga. Kwa hiyo ile ilikuwa nadhifu kama sanduku, na haikuwa na ua hata moja.

"Jirani, mti wangu umenyolewa kama askari," mkewe aliniambia juu ya ukuta.

"Unataka nidhamu, mama watoto," alijibu Fundi bila kugeuka.

Kisha akaja mtoto wao wa kwanza, mtu wa ofisini, na gari lake jipya. Akalitazama geti, akapima kwa macho.

"Mama, kichaka hiki kinakula nafasi ya gari. Na maua yenyewe hakitoi. Mvua zikiisha naleta mafundi wamwage zege."

"Nyumba hii aliichagua baba yako," alisema mama. "Rangi ukachagua wewe. Geti mkachagua wote wawili. Changu hapa ni hicho tu. Kikitoa maua kabla hujaja na zege lako, kinabaki."

Mtoto akacheka, akakubali.

Jioni hiyo mkasi ukapotea. Fundi aliutafuta mpaka kwangu. Nikamwambia sijauona, na kweli wakati ule sikuwa nauona, kwa kuwa mkewe alikuwa ameniletea ukiwa umefungwa kwenye gazeti. Siku chache baadaye nilimkuta Fundi akiunyemelea mmea na kikata kucha.

"Baba wewe!" mkewe alifoka dirishani. Fundi akakirudisha mfukoni.

Matawi yakatoka ovyo, yakapanda ukuta, yakaingia kwangu, miiba ikanichana shati. Lilikuwa shati zuri. Mvua zilipokatika, ukuta mzima ukawa mwekundu.

Mtoto alifika na mafundi wawili na mifuko ya sementi. Aliutazama ukuta, kisha akatoa simu, kwa sababu siku hizi mtu haamini macho yake bila kuuliza kwanza.

"Mama, inasema hapa haya mekundu si maua. Ni majani."

"Na wewe inasema ni nani?"

"Mama, mimi nasoma tu…"

"Basi ikuzalie mama mwingine, umwage zege kwake."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akakalia mfuko. Kisha wakairudisha sementi garini bila kuambiwa. Tangu siku hiyo gari la mtoto likawa linalala barabarani, na kunguru wanalijua.

Mwaka huohuo binti yangu alikuja kunichukua nikaishi kwake ghorofani, ambako maua ni ya plastiki na hufutwa kwa kitambaa. Tulipopita mbele ya geti lao, hiyo ikiwa mara ya mwisho kuwaona, walikuwa wamekaa chini ya bogenvilia wakinywa chai. Mkewe alinipungia. Fundi hakunipungia, alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.