Meza Iliyolalia Friza

Zamani mtu wa Montana, huko Marekani, alijitengenezea risasi nyumbani kwake, moja moja, akijua kila punje ya baruti iliyoingia. Siku hizi anabonyeza simu, na boksi linatupwa mlangoni na mtu asiyemjua hata jina.

Orrin, mzee wa huko huko, hakuwa na haja na siku hizi. Ila alipomkumbuka jirani yake Verl Tostrud, fundi wa treni aliyestaafu, alicheka peke yake mpaka akashika mbavu.

Ukumbi wa bowling, mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha vigingi, ulipobomolewa, Verl aliokota kipande cha sakafu yake, mbao ngumu kama chuma, akaapa kukifanya meza ya kujazia risasi. Yeye na Orrin walikishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba wakitweta kama ng'ombe. Meza inayotikisika huharibu risasi, hivyo Verl akaifunga ukutani kwa boliti zilizozamishwa kwenye zege na gundi, zisitoke mpaka kiyama. Akapanga vitu: maganda matupu huku, fataki za kuwashia baruti kule, mashine ya kubania risasi kwenye maganda pembeni. Kopo la baruti lilikaa mezani moja tu, baruti za aina mbili zisije zikachanganyika. Akavuta mkono wa mashine. Meza haikutetema.

"Ione, Orrin! Nyumba itaanguka, yenyewe itabaki imesimama!"

Mkewe, Arlys, akashuka na beseni. Kesho yake binti yao alikuwa anaolewa, na nyama ya kulungu ya kulisha kanisa zima ilikuwa kwenye friza ndefu, ile ya kufungulia juu. Akaitazama meza. Akaitazama friza chini yake.

"Verl, mume wangu. Ulipopima, kifuniko kilikuwa kimefungwa?"

Verl akainua kifuniko. Kikapanda vidole viwili, kikagonga ubao. Kuivuta friza haikuwezekana. Miguu ya meza ilikuwa imeikumbatia.

"Wageni watakula nini? Maganda?"

Orrin akakaa sakafuni kwa kicheko.

"Unacheka nini? Si wewe uliyenishikia futi!" Verl akafoka.

"Nilishika upande wangu, bwana. Upande wangu ulikuwa sawa!"

"Lete msumeno," Arlys akasema.

Verl akaulalia ubao. "Nikate mimi kwanza!"

"Wewe huna nyama ya kutosha. Ondoka."

Hapo Verl naye akashindwa, akacheka mpaka machozi. Wakakata katikati, wakatia bawaba, meza ikafunguka pamoja na friza. Harusi ikala, ikashiba, ikabakiza.

Lakini Arlys hakuishia hapo. "Hiki kipande kinachofunguka ni changu," akatangaza, akavuta kiti. Tangu siku hiyo Verl hakukaa tena mezani peke yake.

Mara ya mwisho Orrin kuwaona, wiki ile binti yao alipokuja kuwahamishia Arizona, alichungulia dirisha la chumba cha chini. Arlys alikuwa ameshika mkono wa mashine, Verl akimpa maganda.

"Polepole, mama!"

"Wewe leta tu, mzee. Unanichelewesha."