Boneti ya Mama Jirani

Siku fundi viatu alipomwona kwa mara ya kwanza, mama wa nyumba ya pili alikuwa ameinamia boneti ya gari lake jeusi, tochi mkononi mchana kweupe, kama anayetafuta sindano iliyopotea. Alikuwa akisaka mikwaruzo, ile myembamba ya mviringo inayofanana na utando wa buibui. Akiiona, alipaka dawa ya kung'arishia rangi kwenye sponji ya mashine na kuipitisha taratibu, kipande kisichozidi upana wa sinia, huku akibembeleza, “Tulia, tulia,” kama anayenyoa mtoto. Jioni boneti ilikuwa kioo. Kesho yake tochi ilirudi, na mikwaruzo ilikuwa palepale. Fundi viatu, ambaye hata salamu humtoa jasho, alijikuna kichwa. Dawa mbovu, au mashine?

Binti wa yule mama alipokuja kumtazama, alifoka langoni. “Mama, ulisema ukimaliza kuling'arisha tunaliuza. Mbona humalizi? Magoti hayo hayakanyagi breki tena!”

“Rangi haitaki haraka, mwanangu.”

Asubuhi moja fundi viatu alitoka mapema, akamkuta akifuta boneti iliyojaa vumbi kwa tambara kavu, akizungusha na kukandamiza kwa kiganja kizima, vumbi likisaga rangi kama msasa. Macho yakagongana. Fundi viatu akashika komeo arudi ndani. Mama akalibana tambara kwapani.

“Jirani, wewe si mtu wa maneno mengi,” alisema. “Binti yangu akikuuliza, mwambie dawa za siku hizi hazifai kitu.”