Trei ya Pili

"Mliahidi matundu! Matundu madogo kama ya vifungo! Mbona mmempasua mume wangu tumbo zima?"

Fundi cherehani amesimama katikati ya ua, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Anayefokewa ni jirani yake wa mlango wa pili, muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Wapangaji wamejaa milangoni. Aliyekuwa anafua ameacha kufua.

"Na usinifanye mtoto. Mfagiaji wenu kaniambia visu vikubwa vilikuwepo hata kabla hamjaanza. Mlishaamua!"

Muuguzi anashusha mkoba. "Vilikuwepo, dada. Mimi ndiye niliyeviweka."

Wenzake kazini humwita Mama Kamera, maana kazi yake ni kushika kamera nyembamba inayopenyezwa tumboni, daktari akifanya kazi kwa kutazama skrini. Jana aliyelala mezani alikuwa shemeji yake wa uani, mume wa fundi, mwenye uvimbe kwenye utumbo. Katikati ya kazi mshipa uliachia. Skrini ikawa nyekundu tupu.

"Damu ikiruka, mkono unawasha kukimbilia kubana," anasimulia. "Lakini ukibana bila kuona, unatoboa pengine. Basi narudisha kamera nyuma isichafuke, daktari anapitisha shashi tunduni, anakandamiza, tunangoja. Hapo hata mwenzetu mmoja mcheshi hakohoi."

Mara nyingi damu hukata. Jana kila shashi ilipoinuliwa, damu ilichuruzika upya. Ndipo ikafunuliwa trei ya pili, ile ya visu vikubwa vya kufungulia tumbo, ambayo hukaa tayari pembeni kila wanapofanya upasuaji wa matundu.

"Kila mara?" fundi anauliza kwa kejeli.

"Kila mara. Wewe ukishona gauni la mteja, huachi kitambaa mshononi?"

"Naacha."

"Cha nini?"

"Likimbana, nipate pa kuachia."

"Kwa hiyo umeshaamua litambana?"

Fundi anakaa kizingitini kama mzigo uliotuliwa vibaya. Sauti inapomrudia, imekwisha makali.

"Ataamka?"

"Sijui, dada. Damu imesimama. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Wapangaji wanajirudisha ndani mmoja mmoja. Mama Kamera anasema usiku uliopita hakulala. Akifumba macho, skrini inakuja. Waliopona huwasahau, wa skrini nyekundu hubaki naye.

Ana jambo moja analolitaka, na ameshamweleza daktari: ndugu waambiwe habari za trei hiyo mapema, kabla mgonjwa hajapandishwa mezani. "Watatishika, ndiyo. Lakini wasije kusikia kwa mfagiaji."

Anainua mkoba aende kwake. Fundi anamshika upindo wa nguo.

"Unakwenda wapi na macho hayo? Nimepakua sahani mbili, mazoea tu. Ingia ule, shoga, ile ya pili inapoa."