Jumamosi za Sinia Moja

Kwa miaka minne, kila Jumamosi mchana, tulikula sinia moja wanawake watatu katika hoteli ya Wasomali pale Lodwar mjini. Mimi ni mwalimu, nilihamishiwa huku kutoka Bungoma, na wiki ya kwanza nilililia joto kama mtoto. Wa pili ni Msomali muuza vitambaa, ambaye ndiye aliyetufundisha kula wali pamoja na ndizi mbivu. Wa tatu ni mwenyeji, Mturkana, mfanyakazi wa ofisi ya maji, na ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Huyo alikuwa na mkono mwepesi kwenye sinia. Nyama ya mbuzi ikiletwa, sisi tungali tunanawa, yeye ameshauona ule mfupa wenye uboho. Halafu anausukuma upande wako, kana kwamba hakuutaka tangu mwanzo. Tulimtania kwamba angekuwa mwizi hodari kama si huruma. Tukishakula tulikaa na chai ya maziwa ya ngamia, kikombe cha kwanza, cha pili, tukiwasengenya wakubwa wetu wa kazi na waume zetu. Juma zima sikuwa na saa niliyoipenda kuliko hiyo.

Mwaka jana akapata kiharusi. Alikuwa anavaa viatu aende kazini, akaanguka. Mungu alimrudishia maneno na mguu, lakini mkono wa kulia ukabaki umelala.

Alipopata nafuu tulimrudisha hotelini kwa furaha. Mwenye hoteli alimwamkia kwa Kiturkana, “ejok”, mara tatu na kumfutia kiti yeye mwenyewe. Rafiki yetu hakutaka kutia mkono wa kushoto kwenye sinia, ingawa muuza vitambaa alimwambia mgonjwa hana lawama. Akaomba sahani yake na kijiko, akaanza. Nusu ya wali ilifika mdomoni, nusu ikarudi mezani na kwenye kitenge chake. Alikuwa anaenda polepole, lakini alikuwa anaenda.

Sasa mimi ni mtu wa haraka. Mtoto akihangaika na kamba ya kiatu darasani, nimeshainama kabla hajaniita. Nilivumilia vijiko vitano, sita hivi, kisha uvumilivu ukaniishia. Nikamega wali na nyama kwa mkono wangu, nikaufinyanga vizuri, nikakinga kiganja kingine chini ya kidevu chake, nikasema kwa sauti niliyodhani ni ya upendo, “Fungua mdomo.”

Meza ya pili walikaa vijana wa ofisini kwake, nao wakainamisha vichwa. Yeye akafungua, akatafuna, akameza, akasema asante. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema sana.

Jumamosi iliyofuata alisema ana wageni. Iliyofuata, alisema jua ni kali, kana kwamba jua la Lodwar limeanza jana. Nikienda kwake alinipokea vizuri, tukaongea na kucheka kidogo, lakini chai yake ilipoa mezani mpaka nikaondoka. Watoto wake wakaniambia siku hizi anakula chumbani, mlango umefungwa. Nitasema ukweli, nilikasirika. Nilidhani anaringa na ugonjwa wake, nikaenda dukani kwa muuza vitambaa kumshtaki. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja magauni ya dira, bila kuniangalia.

“Yeye alikuwa anakula,” akasema. “Wewe ndio ulionyesha watu hawezi.”

Nilitembea mpaka nyumbani nikiona haya, na kila nilipokumbuka kile kiganja changu chini ya kidevu chake nilitamani kujificha. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nitaanzia wapi? Kumwomba msamaha kungekuwa kumkalisha tena kwenye kile kiti mbele ya wale vijana. Miezi mitatu ikapita tukila wawili, na sinia la wawili tuliliacha na wali kila mara. Niliogopa kwamba nimempoteza rafiki, na kwamba si ugonjwa uliomchukua, ni mimi.

Ikafika siku ya wazazi katika shule ya binti yake huko Kakuma. Mkono mmoja hauwezi kubeba sanduku la mtoto wa bweni na mfuko wa vyakula, na muuza vitambaa, ambaye ndiye aliyekuwa amekubali kumsindikiza, ghafla akapata mzigo wa kupokea siku hiyo hiyo. Mzigo huo sijauona mpaka leo. Basi nikaenda mimi. Njiani tuliongea juu ya barabara mpya na bei ya mbuzi. Shuleni binti alikula kuku aliyeletewa, na mama yake akamtazama tu, akisema yeye ameshiba.

Tulitoka pale saa saba, jua likiwa utosini. Ningependa kusema nilipanga yaliyofuata. Sikupanga. Tuliingia katika hoteli ya Waethiopia upande wa kambi ya wakimbizi kwa sababu ilikuwa na kivuli na feni, na mimi niliwahi kunywa kahawa yao mara moja. Rafiki yangu akaagiza soda. Nilijua ametoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni. Niliuma ulimi. Nikaagiza injera, ule mkate wao mpana, laini, wenye uchachu, ukaja umefunika sinia zima, michuzi na dengu zimepangwa juu yake mafungu mafungu. Nilikula nikitazama sinia.

Meza ya jirani walikaa madereva wa malori yanayokwenda Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Mwenye hoteli, mama wa makamo mwenye shela nyeupe, aliwafikia akiwauliza habari za safari. Huku anaongea akamega kipande cha injera, akakifungia nyama ndani, akakitia moja kwa moja kinywani mwa dereva mwenye ndevu, jitu zima. Dereva akafumba macho akatafuna. Kisha yeye naye akamlisha mwenzake, na mwenzake akamlisha mama. Hakuna aliyeshangaa, ila sisi.

Rafiki yangu aliweka soda chini.

“Huyu ni mgonjwa?” akamuuliza mama.

Mama akacheka sana. Akaeleza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba kwao unamlisha mtu unayemheshimu au unayempenda, na tonge likiwa kubwa ndio mapenzi makubwa. “Mgonjwa hapana,” akasema. “Rafiki.” Na ili tuelewe vizuri, akaja mezani kwetu akaanza na mimi. Alinishindilia tonge ambalo halikuenea kinywani mwangu, mchuzi ukateremka mpaka kwenye kola ya gauni langu la kanisani. Hapo rafiki yangu akacheka. Kicheko chake siku hizi kinaelemea upande mmoja, lakini kilikuwa chenyewe, kile cha Jumamosi, na nilikuwa nimekikosa mno.

Mama akamega tena, akamgeukia yeye. Nilitazama meza, maana najua uso wangu hauwezi kuficha kitu. Nilipoinua macho, rafiki yangu alikuwa anatafuna. Mama akamwongezea la pili, akisema tonge moja peke yake si adabu, halafu akaitwa jikoni akaenda.

Tukabaki wawili na sinia katikati. Mikono yangu nilikuwa karibu kuikalia, isije ikamega yenyewe. Aliniangalia, na nikajua kwamba anaikumbuka siku ile kama ninavyoikumbuka mimi.

“Na wewe unangoja nini?” akasema. “Mimi njaa bado iko.”

Nikamega. Injera ikapasuka, dengu zikamwagikia kitenge chake, naye akaniambia ni aibu mwalimu mzima kushindwa kufunga kitu kidogo namna hiyo. Nikafunga kingine, kikashika. Nilikuwa na maneno yangu ya msamaha, niliyoyapanga na kuyapangua kwa miezi mitatu, na nilitaka kuyasema pale pale. Sikupata nafasi. Kila nilipoinua macho, alikuwa ameshafungua mdomo tena.