Makande Yaliyoatamiwa

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya maendeleo pale Same nikiwa na viatu vya kuazima, vinanibana kweli kweli, na Bwana Maendeleo wa Wilaya hakunikaribisha hata kiti. Alikuwa mrefu, miwani minene, sauti ya gwaride. Akaniuliza, "Ndugu, unajua kupika?" Nikajibu kwa maringo kwamba mimi mtoto wa Kihurio, tambarare ya mpunga, wali wangu hauna mpinzani. "Wali!" akasema. "Huko ninakokupeleka wanapika makande, na makande yanamaliza msitu."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya Bibi Maendeleo. Enzi zile za vijiji vya ujamaa kila mtaalamu alikuwa na lake: Bwana Shamba na mbegu, Bwana Afya na vyoo, mimi na kuni. Nilipewa mchoro wa jiko la udongo na miezi mitatu ya majaribio. "Nitapanda mwenyewe kukagua," alisema. "Nikikuta jikoni hakuna kilichobadilika, utarudi hapa kupiga taipu." Jamani, mimi na kukaa kutwa nzima kwenye kiti! Nilikuwa tayari kufanya lolote nisiione ile taipu.

Lori likanifikisha lilipoweza, nikamalizia kwa miguu mpaka Chome, juu mlimani. Nilipokelewa na Mama Navoneiwa, mke wa balozi wa nyumba kumi, mama mwenye mwili wake na maneno yake. Jikoni kwake kulikuwa na mafiga, yale mawe matatu ya kutegea chungu. Moto unawaka wazi pande zote, joto linaishia darini na moshi unaishia machoni. Jiko langu lilikuwa la kuzuia hasara hiyo. Unachanganya udongo wa kichuguu, mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, unakanyaga, unafinyanga kuta, unaacha mdomo mmoja wa kuni na dohani, yaani tundu la kutolea moshi.

Nililifinyanga wiki nzima, likakauka, likapendeza. Asubuhi moja nikakuta kuku wa Mama Navoneiwa ameingia mdomoni mwa jiko, anaatamia mayai.

"Usimfukuze," Mama akaniambia. "Ndiye pekee aliyelipenda."

Shida ilikuwa chungu. Chungu cha makande cha nyumba ile kilikuwa kikubwa kuliko jiko lenyewe. "Wewe mwanangu wa tambarare," alisema, "wali wako unaiva kabla sijafunga kilemba. Mahindi makavu na maharage yanataka moto tangu asubuhi mpaka jua lipinde." Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nasikia taipu tu, ta-ta-ta-ta.

Miezi ikayoyoma, kuku akaangua, akaatamia tena mlemle. Siku moja nikamsaidia Mama kuvundika ndizi. Kuvundika, kwa msiojua, ni kuzilaza ndizi mbichi ndani ya majani makavu ya mgomba na kuzifunika gubigubi ili joto la ndizi zenyewe liziivishe. Nikaingiza mkono kuzipapasa. Loo! Kulikuwa na joto, na moto hakuna.

"Mama," nikasema, "mbona tusivundike makande?"

"Mh! Njaa imekupanda kichwani," akajibu, lakini tayari alikuwa ananyanyuka kutafuta tenga.

Tukachukua tenga kubwa la kubebea ndizi, tukalishindilia majani makavu, tukaacha nafasi ya chungu katikati. Mahindi na maharage yalilowekwa usiku kucha, asubuhi yakatokota juu ya mafiga kwa muda wa kusuka nusu kichwa. Tukazamisha chungu tengani kikiwa kinachemka, tukafunika kwa blanketi na gunia. Moto tukauzima na kuni zilizobaki tukazirudisha darini. Nilijiona nimeshapewa cheo.

Yakatoka mabichi! Wala si kosa la tenga. Kila jirani aliyepita alisema "hebu nione," akafunua, akabinya harage, akatikisa kichwa, akafunika. Joto lote lilitoka pamoja na umbea. Mara ya pili ikawa vilevile. Niliwasihi, nikanuna, haikusaidia kitu.

Mara ya tatu, tumekwisha kuzamisha chungu, zikaja habari kwamba Bwana Maendeleo anapanda mlima. Mama Navoneiwa akaweka ubao juu ya tenga, akaukalia. "Leo anayetaka kufunua aninyanyue kwanza," alisema. Thubutu! Hakujitokeza mtu.

Alasiri mgeni akaingia na balozi, wote wamejaa vumbi. Tukasimama. Mama hakusimama.

"Mama Navoneiwa," mumewe akanong'ona kwa aibu, "mgeni!"

"Namwona. Karibu sana, Bwana Maendeleo. Unisamehe sisimami, nimeatamia."

Bwana Maendeleo akatazama mafiga, majivu ya baridi. Akatazama jiko langu, kuku akamtazama. "Moto hakuna," alisema taratibu, "kuku yumo kwenye jiko la serikali, na mama mwenye nyumba anaatamia. Bibi Maendeleo, funga mizigo."

Machozi yalinilengalenga. Mama akachungulia nje. "Jua limepinda," akasema, akainuka. Akatoa ubao, gunia, blanketi, kifuniko. Mvuke ukapanda ukaivaa miwani ya Bwana Maendeleo, akabaki kipofu mle jikoni. Mama akampa upawa, naye akapapasa, akaonja. Harage likayeyuka.

"Mmeyapika wapi?"

"Hapo nilipokaa," Mama akajibu.

Alikula bakuli tatu, miwani mfukoni. Kisha akasema, bila kunitazama, "Taipu nitaitafutia mtu mwingine." Nilipiga kigelegele mbele ya mkubwa wangu, na sijutii.

Baadaye nilipanua mchoro wa jiko ukatosha chungu cha makande, nikahamishiwa Kighare, mlima mwingine, nikafundisha yote mawili, jiko na tenga. Bwana Maendeleo wa Mkoa alitaka kwenye ripoti tuliite tenga "chombo cha kuhifadhi joto." Niliandika hivyo kumridhisha. Akina mama wao walisema kuvundika, na kila mtu alielewa.

Nilipostaafu, ofisi ilinizawadia jiko la gesi, na nalipenda, sitadanganya. Nachemshia hapo kidogo tu, nazima. Vijana wa Same mnalia mtungi umeisha na huku mmechemsha maharage kutwa nzima! Mimi mtungi wangu unakaa miezi. Mama Navoneiwa ametangulia mbele ya haki, lakini tenga lake aliniachia, na ubao wake.

Haya yote nimeyaandika kwa mkono, maana taipu sijajifunza mpaka leo. Mkipita kwangu mkabisha hodi, mkasema shikamoo bibi, nitaitikia marahaba nikiwa nimekaa. Msidhani ni dharau. Nimeatamia.