Kisanduku cha Asili

Pa Nhia alikumbuka mlio wa kalamu: ka-chi, ka-chi, dole gumba la mshauri wa shule, Mhmong mwenzake, likiibonyeza bila kupumzika. Kila Novemba mama huyo alisoma fomu za kuomba vyuo za watoto wa Kihmong, wana wa wakimbizi kutoka Laos, katika mji wa Saint Paul, Marekani, akiwa amesimama, supu yake ya tambi ikipoa mezani.

“Kisanduku cha asili, mbona kitupu?” alimuuliza Pa Nhia zamu yake ilipofika.

“Nikiweka Mwasia, mwalimu, watanitia kapu moja na Waasia matajiri, watoto wa madaktari.”

“Basi kiache.”

“Nikikiacha watasema naficha. Na jina langu la ukoo ni Lor, la Kihmong kabisa!”

“Basi weka! Mwezi mzima, mwanangu, leo weka, kesho futa! Fomu inafungwa saa kumi, na nafasi yako inafungwa nayo.”

Mshauri alifuta neno “bibi” kwenye insha ya Pa Nhia ya kuomba chuo, akasonya, akalirudisha kwa mwandiko wake mdogo wa duara.

“Kwani wewe ulijaza nini enzi zako?”

Mshauri akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta.

“Nilijaza ‘Nyingine’,” alisema kwa sauti ya chini mno. “Mama hakujua kusoma. Aliponiuliza, nikamwambia nimeandika Mhmong.”